Kibanda cha Mianzi Bustanini: Namna ya Kukijenga na Kukitunza

Katika nchi za milimani, ambako mianzi huota kwa wingi, watu huusifu mwanzi na tena huudharau. Huusifu kwa kuwa hupatikana kwa gharama ndogo, mtu mmoja aweza kuuchukua begani, na kazi yake yahitaji panga, msumeno na kamba tu. Huudharau kwa kuwa, wasema, nyumba ya mianzi haikai: mwaka wa kwanza yapendeza, mwaka wa pili yainama, na mwaka wa tatu yageuka kuwa kuni.

Dharau hiyo si ya haki. Kibanda cha mianzi hakianguki kwa sababu mwanzi ni dhaifu. Huanguka kwa sababu mwanzi ulikatwa kabla haujakomaa, ukajengewa ungali mbichi, na miguu yake ikazikwa ardhini. Mambo hayo matatu ni makosa ya mjenzi, wala si makosa ya mwanzi.

Wala jambo hili si dogo kwa mtu wa kipato kidogo. Mwenye bustani ya mboga au ya miche huhitaji kibanda: mahali pa kuweka majembe na mbegu, pa kujikinga na jua kali, pa kupangia mboga kabla ya kwenda sokoni, na pengine pa kulala mlinzi mazao yakikaribia kuvunwa. Asiye na fedha za mbao na mabati hujenga kwa mianzi. Kikianguka baada ya miaka miwili, amepoteza siku zake za kazi, amepoteza kamba na nyasi, na huenda kikamwangukia mtu. Akijenga mara tatu katika muda ambao jirani yake amejenga mara moja, basi urahisi wa mwanzi umegeuka kuwa ughali.

MWANZI NI MMEA WA NAMNA GANI

Mwanzi, ijapokuwa ni mrefu kama mti, si mti. Ni wa jamii ya nyasi, kama yalivyo mahindi, ngano, mpunga na miwa. Chipukizi lake hutoka ardhini likiwa tayari lina unene wake wote, wala halinenepi tena mwaka kwa mwaka kama ufanyavyo mti. Kwa miezi michache tu hufikia urefu wake wote. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Huuona mwanzi mrefu na mnene, wakadhani umekomaa, kumbe ungali laini, umejaa maji, na nyama yake haijakaza. Mwanzi huhitaji miaka mitatu hata mitano ili ukomae na kufaa kujengea.

Tena ndani ya mwanzi mna wanga, ambao ni chakula mmea ulichojiwekea. Wanga huo ndio umwitao dumuzi, mdudu mdogo atoboaye matundu membamba na kuacha unga laini chini yake. Mchwa hana haja na wanga huo peke yake; yeye hula mwanzi wote, na hutoka ardhini. Adui wa tatu ni kuvu, yaani ukungu uozeshao, ambao hauwezi kuishi pasipo unyevu.

Basi maadui ni watatu, na kila mmoja ana dawa yake. Dumuzi huzuiwa kwa kupunguza wanga. Mchwa huzuiwa kwa kuinua mwanzi juu ya ardhi. Kuvu huzuiwa kwa kuuweka mwanzi mahali pakavu. Mjenzi akiyashika hayo matatu, kazi yote ifuatayo ataielewa, maana kila hatua ni vita juu ya mmoja wa maadui hao.

Mwanzi wa asili wa milima ya Kenya, ambao wataalamu huuita Oldeania alpina, na zamani waliuita Arundinaria alpina, huota katika Mlima Kenya, Nyandarua, Mau na Mlima Elgon, tangu karibu mita 2,400 juu ya bahari hata kupita mita 3,000. Mwanzi mwingine, mnene, wa kijani au wa manjano, ambao hupandwa katika nchi za joto za chini, ni Bambusa vulgaris, uliotoka Asia. Huo nao hujengewa, lakini wanga wake ni mwingi na dumuzi huupenda sana. Kwa hiyo wahitaji kutayarishwa kwa uangalifu zaidi.

Yapasa kukumbukwa pia ya kuwa mianzi ya msitu wa Serikali haikatwi ovyo. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza kukata mazao ya msitu huo bila kibali. Lililo bora ni mwenye bustani kupanda mashina machache ya mianzi mpakani mwa shamba lake. Baada ya miaka kadhaa atakuwa na ghala lake mwenyewe la vifaa vya kujengea na vya kutengenezea.

KUCHAGUA NA KUKATA

Mwanzi uliokomaa hujulikana kwa dalili. Mwanzi mchanga rangi yake ni ya kijani yenye kung'aa, una vumbi jeupe, na magamba ya chipukizi yangali yameshikamana nao. Mwanzi uliokomaa rangi yake imefifia, magamba yameanguka, na mara nyingi una madoa ya ukoga juu ya ngozi yake. Ukigongwa kwa kipini cha panga hutoa sauti kavu, kali. Ule mchanga hutoa sauti nzito. Njia iliyo ya hakika kuliko zote ni kutia alama ya rangi kwenye machipukizi mapya ya kila mwaka, ili mwenye shamba ajue umri wa kila mwanzi pasipo kubahatisha.

Wakati wa kukata ni majira ya ukavu, wala si wakati wa mvua. Mvua inyeshapo mmea hutoa machipukizi, nao umejaa maji. Katika sehemu zenye mvua mbili kwa mwaka, yaani mvua za masika na mvua za vuli, yafaa kukata katika Januari na Februari, au tangu Julai hata Septemba.

Mwanzi hukatwa karibu na ardhi, juu kidogo ya fundo. Ukikatwa katikati ya pingili, kisiki kilichobaki huwa kama kikombe. Maji ya mvua hutuama humo na kuozesha shina lote. Wala haifai kufyeka shina zima. Hukatwa iliyokomaa tu, na michanga huachwa ilishe mizizi na kuchukua nafasi ya iliyokatwa.

KUTOA WANGA NA KUKAUSHA

Hapa ndipo penye kuhitaji subira, na ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu mwenye haraka huuliza, "Kwa nini ningoje miezi mitatu, na mianzi ninayo?" Jibu lake ni hili. Mwanzi usiotayarishwa, ukizikwa ardhini, kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hata mitatu tu. Mwanzi uo huo ukiwa chini ya paa na mbali na udongo, hudumu miaka minne hata sita. Nao ukiwekwa mahali pazuri sana, pakavu na penye hewa, waweza kudumu miaka 10 hata 15. Basi miezi mitatu ya kungoja yalipwa kwa miaka mingi ya kukaa.

Njia ya kwanza ya kutoa wanga ni maji. Mianzi mibichi hulazwa katika mto au bwawa kwa muda wa majuma manne hata kumi na mawili, ikikandamizwa kwa mawe, maana mwanzi huelea. Maji ya kupita ni bora kuliko maji yaliyotuama, ambayo hutia mianzi madoa na harufu mbaya. Njia hii yafaa kumzuia dumuzi, lakini haimzuii mchwa.

Njia ya pili ni moshi. Mianzi hutandikwa darini juu ya meko, ikakaa humo mpaka ikageuka rangi ya kahawia. Moshi huikausha, nao wadudu hawaupendi. Ndiyo sababu boriti za jiko la kale huonekana nyeusi na ngumu, na hali za chumba cha kulala cha nyumba hiyo hiyo zimetobolewa.

Njia ya tatu ni dawa ya chumvi ziitwazo boraksi na asidi ya boriki. Kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki huyeyushwa katika lita 100 za maji. Kwanza mafundo ya ndani hutobolewa kwa nondo ndefu ili dawa ipite, kisha mianzi hulazwa humo juma moja hata mawili. Yapasa tahadhari tatu. Dawa hiyo iwekwe mbali na watoto na mifugo. Isimwagwe bustanini wala mtoni, maana ikizidi huua mimea. Tena huoshwa na mvua, kwa hiyo yafaa kwa mianzi itakayokuwa chini ya paa tu.

Baada ya njia yo yote katika hizo, mianzi hukaushwa kivulini. Husimamishwa wima juu ya mawe au mbao, wala si juu ya udongo, mahali penye paa na upepo, kwa majuma sita hata kumi na mawili. Ikianikwa juani hukauka upesi upande mmoja na kupasuka.

MAFUNDISHO KUTOKA ETHIOPIA

Kabla ya kuweka msingi, yafaa kuwatazama watu waliojenga kwa mianzi tangu zamani sana. Katika milima ya Gamo, kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Chencha, wakaa Wadorze, watu wasifikao pia kwa ufumaji wa nguo za pamba. Mwanzi wao ni ule ule wa milima ya Kenya. Hupasua mianzi kuwa vipande vyembamba, wakavisuka kama kikapu kikubwa kilichofunikwa, kisha huliezeka umbo hilo kwa magamba ya mianzi au majani ya enseti, mmea ulio ndugu ya mgomba. Nyumba hizo husimama katikati ya bustani zao za enseti. Nyumba mpya yaweza kufikia mita 12 kwenda juu, wala haina nguzo ya katikati.

Kwa nini huijenga ndefu namna hiyo? Kwa sababu ukuta wake umekaa ardhini, na mchwa huila tangu chini. Mwaka kwa mwaka sehemu iliyooza huondolewa, nyumba ikawa fupi zaidi, hata mlango ukahitaji kukatwa upya kwa juu. Lakini sehemu ya juu, iliyokaushwa na moshi wa meko ya ndani, hubaki nzima. Nyumba hiyo yadumu makumi ya miaka. Na kwa kuwa ni nyepesi, mwenyewe akitaka kuhama, majirani hukusanyika, wakaiinua yote kwa miti na kuipeleka mahali papya.

Mafunzo ya Wadorze ni mawili. La kwanza, nyumba ya mianzi hufa kuanzia miguuni. Adui hutoka chini. La pili, nyumba hiyo hiyo huishi muda mrefu ikiwa mwenyewe yu tayari kuitazama na kuitengeneza kila mwaka. Wadorze humshinda mchwa kwa kumtangulizia urefu wa kula. Mjenzi wa kibanda kidogo cha bustani hana urefu wa kumpa. Kwa hiyo njia yake ni kuinua miguu ya kibanda isiguse udongo.

MAHALI NA MSINGI

Kibanda kijengwe mahali palipoinuka, ambapo maji ya mvua hayatuami, wala kisiwe chini ya mti mkubwa utoneshao maji juu ya paa. Kwa kibanda cha urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 hutakiwa nguzo nane: nne za pembeni, moja katikati ya kila ubavu mrefu, na moja ndefu katikati ya kila ubavu mfupi, ambazo zitachukua mwamba wa juu wa paa.

Chini ya kila nguzo huwekwa kitako cha jiwe au cha saruji na kokoto, ambacho chaingia ardhini mpaka kufikia udongo mgumu, na chapanda juu ya ardhi sentimita 40. Kitako hicho chafanya kazi mbili. Kwanza chazuia unyevu. Pili chamfichua mchwa. Nguzo iliyozikwa huliwa ndani kwa siri, na mwenye nyumba hana habari mpaka siku ianguke. Lakini kwenye kitako mchwa hana budi kujenga kijia chake cha udongo nje, mahali panapoonekana. Kipande cha bati kikilazwa juu ya kitako, kingo zake zikainamishwa chini pande zote, humzuia zaidi.

Kibanda cha mianzi ni chepesi, hivyo adui yake si uzito bali upepo, ambao waweza kukiinua. Kwa sababu hiyo, saruji ingali mbichi, husimikwa katika kila kitako nondo ya kutokeza juu karibu sentimita 40. Mafundo ya chini ya nguzo hutobolewa, nguzo ikavikwa juu ya nondo hiyo, na pingili ya chini ikajazwa saruji laini kupitia tundu dogo. Basi nguzo imeshikwa, na mwanzi haukugusa ardhi.

NGUZO, MIAMBA NA VIUNGO

Nguzo za pembeni na za katikati ya mbavu ndefu huwa na urefu wa mita 2 na sentimita 20 juu ya kitako. Zile mbili ndefu huwa na mita 3 na sentimita 70. Upande mnene wa mwanzi huwa chini. Kila nguzo hukatwa hivi kwamba fundo liwe karibu na ncha ya juu, kwa maana pingili ikikandamizwa hupasuka, bali fundo hustahimili. Ncha hiyo huchongwa kama mdomo ulio wazi, ili mwamba ulale humo pasipo kuteleza.

Haifai kupigilia misumari katika mwanzi, maana nyuzi zake zimelala kwa urefu, na msumari huzitenga kama kabari ipasuavyo ukuni. Mahali panapohitaji kushikwa, hutobolewa tundu kwa keekee, hupitishwa kijiti cha mti mgumu, kisha kiungo hufungwa kwa kamba ya katani. Kamba hulowekwa kwanza na kukazwa ingali na maji, ikizungushwa kwa njia ya msalaba. Mikanda ya ngozi mbichi yafaa vile vile, kwa kuwa hukaza ikaukapo.

Fremu ya pembe nne, hata ikifungwa vyema, huyumba kwa upepo. Kwa hiyo, katika kila ubavu hufungwa mianzi ya mshazari, itokayo chini ya nguzo moja kwenda juu ya nguzo ya pili. Fundi asiyetia mianzi hiyo ya mshazari ataona kibanda chake kimeinama kabla ya mwaka kwisha.

PAA

Paa ndilo mlinzi wa kibanda chote. Paa la nyasi hutaka mwinuko mkali, ili maji yateremke upesi kabla ya kupenya. Kanuni nyepesi ni hii: kimo cha paa, tangu miamba ya ukutani hata mwamba wa juu, kisipungue nusu ya upana wa nyumba. Upana ni mita 3. Basi kimo cha paa ni mita 1 na nusu. Hiyo ndiyo sababu nguzo za katikati zilipita zile nyingine kwa kiasi hicho.

Upenu utokeze nje ya nguzo sentimita 80 kila upande. Watu wengi huufanya mfupi ili kuokoa nyasi, nayo ni akiba mbaya, maana mvua ya upepo hupiga miguu ya nguzo na kuta, na jua huzipasua. Kwa mwinuko uliotajwa, makombamoyo yakatwe mita 3 na nusu, na mwamba wa juu mita 5 na sentimita 60. Jozi 10 za makombamoyo, yaani 20 kwa jumla, zitatosha zikiachana karibu sentimita 60. Juu yake hufungwa fito za mianzi iliyopasuliwa, zikiachana sentimita 25 hata 30.

Nyasi za kuezekea ziwe kavu na ndefu. Kuezeka huanzia chini kwenda juu, kila safu ikiifunika ile ya chini yake, mpaka unene usiopungua sentimita 20 upatikane. Kilele ndicho kivujacho kwanza, hivyo nyasi zake zikunjwe pande zote mbili na kufungwa kwa nguvu. Pande zote chini ya upenu huchimbwa mfereji mdogo wa kuchukua maji mbali. Mwenye busara huyaongoza kwenye matuta yake ya mboga.

KUTA

Ukuta hauanzi ardhini. Chini hujengwa kwa mawe mpaka kimo cha vitako, na juu yake hushikizwa majamvi ya mianzi iliyopasuliwa na kusukwa. Ngozi ngumu ya mwanzi hutazama nje, kwa kuwa hukataa maji na wadudu. Upande wa ndani ulio laini hutazama ndani. Anayependa aweza kukandika udongo, ambao hupunguza hatari ya moto, lakini udongo huo usishuke ukagusa ardhi, usije ukawa ngazi ya mchwa. Karibu na paa huachwa nafasi ya kupitisha hewa, ili kibanda kikauke baada ya mvua.

Moto ni hatari kuu ya mianzi na nyasi. Atakaye kupika na apike nje, mbali na upenu. Taa ya mafuta isitundikwe karibu na paa, na ndoo ya mchanga iwekwe mlangoni daima.

MATUNZO YA MWAKA

Kujenga vyema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni matunzo, wala hayachukui siku nyingi. Yafaa yafanywe mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila majira ya mvua, yaani Februari na Septemba.

Kwanza, vitako vyote hutazamwa kwa uangalifu. Kijia cho chote cha mchwa huvunjwa, na siku chache baadaye hutazamwa tena, kwa kuwa mchwa hurudi. Udongo au samadi iliyorundikana karibu na nguzo huondolewa, na mimea hukatwa ili ibaki nafasi ya mita moja kuzunguka kibanda. Mara nyingi bustani yenyewe ndiyo impayo mchwa njia: mboga zitambaazo, matandazo ya majani, au lundo la kuni lililoegemezwa ukutani.

Pili, nguzo na miamba hugongwa moja moja kwa kijiti. Sauti ikiwa nzito mahali ilipokuwa kali, pana uozo au wadudu ndani. Unga mpya ukionekana sakafuni, dumuzi yumo. Mwanzi huo hutolewa na kuchomwa mbali, na mwingine mkavu hutiwa mahali pake. Faida ya viungo vya kamba ni hiyo: mwanzi mmoja hubadilishwa pasipo kubomoa nyumba.

Tatu, kamba hukazwa, na zilizochakaa hubadilishwa. Nne, mtu husimama ndani mchana na kutazama paa. Panapopenya mwanga, patapenya maji, basi nyasi huongezwa papo hapo. Tano, mifereji huzibuliwa.

Watu wengine hupaka nguzo oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa. Haifai katika bustani ya chakula, kwa maana oili hiyo hushuka udongoni na kuharibu udongo na maji.

Kila mwaka yafaa vile vile kukata mianzi michache iliyokomaa, kuitoa wanga na kuihifadhi kavu. Mwenye akiba hiyo hangoji miezi mitatu nguzo moja ikiharibika. Asiye nayo huahirisha, na aahirishapo uzito wa nguzo hiyo huiangukia ya pili, na ya pili huiachia ya tatu. Ndivyo vibanda vingi vinavyoanguka: si kwa siku moja ya dhoruba, bali kwa nguzo moja iliyoachwa. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mwanzi uliofikia urefu wake wote si lazima uwe umekomaa?
2. Wataje maadui watatu wa mwanzi, na dawa ya kila mmoja.
3. Kulaza mianzi majini kwamzuia mdudu gani, na hakumzuii yupi?
4. Kitako cha jiwe chamfichua mchwa kwa njia gani?
5. Kibanda chenye upana wa mita 5 chahitaji paa la kimo gani?
6. Wadorze wajifunza nini kwa nyumba yao kupungua urefu, na mjenzi wa bustani afanye nini ili isipungue ya kwake?